Kenya: Jeraha Ambalo Sheria Haikuliona

Tafakari maneno mawili. "Tohara" asili yake ni usafi. "Kukeketa" ni kukata kwa kisu butu. Jirani zetu wa Kenya wameishi kati ya maana hizo mbili.

Mwaka 1956, baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, lilipiga marufuku tohara ya wasichana, likiungwa mkono na maofisa wa kikoloni. Wasichana wengi walikaidi. Walichukua nyembe, wakaingia porini na kukeketana. Wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Watu zaidi ya 2,000 walishtakiwa. Kwa wasichana hao, kubaki mtoto machoni pa jamii kulitisha kuliko wembe.

Lakini madhara ya wembe hayaishi damu inapokauka. Kinembe kina mishipa mingi ya fahamu. Kikikatwa, hisia hupungua, na kovu huweza kulifanya tendo la ndoa kuwa maumivu. Wapo wanaoandamwa na ndoto za kutisha, wasiwasi na sonona. Wapo pia wasioweza tena kumwamini mama au nyanya aliyewashika siku ile.

Kenya ilitunga sheria maalumu mwaka 2011, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikakataa kuibatilisha. Sheria hiyo ni ngao kwa msichana ambaye hajakeketwa. Aliyekwisha kukeketwa anahitaji zaidi: tabibu, mshauri, na mume aliye tayari kumsikiliza. Je, katika jamii yako, nani humsikiliza?