Betri ya ndege ya mfano inapovimba: chanzo chake na namna ya kuikabili

BETRI ya lithiamu iliyovimba ni jambo ambalo karibu kila mwenye ndege ya mfano inayoongozwa kwa redio hulikuta, mapema au baadaye. Pakiti iliyokuwa bapa na ngumu kama daftari huonekana imetuna katikati, kifuniko cha chumba chake hakifungi tena, na mwenyewe hubaki na swali moja: je, bado yaweza kurushwa? Jibu fupi ni kwamba haifai. Jibu refu linadai kueleza kilichotokea ndani ya pakiti hiyo, kwani asiyejua chanzo atanunua nyingine, nayo itavimba vilevile baada ya majuma machache.

Betri zinazozungumziwa hapa ni za lithiamu polima, ambazo wapenzi wa mchezo huu huziita kwa kifupi lipo. Ni tawi la betri za lithiamu ioni, ambazo kampuni ya Sony ya Japani iliziingiza sokoni mwaka 1991, na ambazo ziliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Kabla ya hapo ndege za mfano za umeme zilitegemea betri za nikeli na kadimiamu, nzito kiasi cha kuwafanya warushaji wengi wabaki na injini ndogo za mafuta. Katika miaka ya 2000 lipo iligeuza mambo. Wala si suala la michezo pekee: ndege nyepesi zisizo na rubani zilizopiga picha za ramani ya Zanzibar kuanzia mwaka 2016, pamoja na zile zinazopeleka damu hospitalini nchini Rwanda tangu mwaka huohuo, nazo huruka kwa nguvu ya betri za lithiamu.

Wepesi huo, hata hivyo, una gharama yake. Seli ya lipo haina gamba la chuma kama betri ya tochi. Imefungwa ndani ya mfuko laini wa karatasi ya alumini iliyogandishwa na plastiki, usio na tundu la kupumulia. Ndani mna tabaka nyingi nyembamba zilizopangwa kwa zamu: karatasi ya shaba iliyopakwa grafaiti upande wa hasi, na karatasi ya alumini iliyopakwa, mara nyingi, oksidi ya lithiamu na kobalti upande wa chanya. Kati yake kuna utando wa plastiki unaozitenganisha, na vyote vimelowa elektroliti, kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi. Kimiminika hicho kikipata joto kupita kiasi, au volti ya seli ikivuka mipaka yake juu ama chini, huanza kuvunjikavunjika na kutoa gesi, zikiwamo hewa ya ukaa, kaboni monoksidi, ethilini na haidrojeni. Gesi haina pa kutokea, nao mfuko hututumka. Kwa hiyo uvimbe si ugonjwa wenyewe bali ni dalili kwamba kemia ya ndani imekwisha kuharibika kwa kiasi fulani, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Chanzo kinachoongoza ni kuikamua betri mno ikiwa angani. Mfano mzuri ni pakiti ambayo pengine ndiyo maarufu kuliko zote kwa ndege zenye mabawa ya mita moja na kidogo: seli 3 zilizounganishwa mfululizo, zenye ujazo wa miliampea-saa 2,200. Kila seli huhesabiwa kuwa na volti 3.7, na hivyo pakiti nzima ni volti 11.1. Ikijaa, kila seli hufikia volti 4.2 na pakiti volti 12.6. Warushaji makini hufuata kanuni ya kutotumia zaidi ya asilimia 80 ya ujazo, yaani miliampea-saa 1,760. Ndege inayovuta wastani wa ampea 17.6 humaliza kiasi hicho kwa dakika 6 kamili, na ikifika dakika 7 na nusu betri yote, kwa hesabu, imekauka. Tofauti kati ya betri itakayodumu na ile itakayovimba ni dakika moja na nusu ya ziada, ambayo mrushaji aliyenogewa haioni ikipita.

Wengi hujiliwaza kwamba kidhibiti mwendo cha mota kitakata umeme kabla ya madhara. Si kweli kila mara. Vidhibiti vingi hupima volti ya pakiti nzima, wala si ya kila seli. Kikiwa kimepangwa kukata kwenye volti 9.0, kitahesabu volti 3 kwa kila seli na kuridhika, ilhali ndani seli mbili zina volti 3.3 kila moja na ya tatu imeporomoka hadi 2.4. Hiyo ya tatu ndiyo itakayovimba. Seli ikishushwa zaidi, kuelekea sifuri, shaba ya karatasi yake huanza kuyeyuka ndani ya elektroliti, na inapochajiwa tena shaba hiyo hujijenga mahali pasipostahili na kuweza kuunganisha pande mbili za seli. Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa: saa ya kuhesabu dakika kwenye rimoti, na king'ora kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa kusawazishia, ambacho hupima kila seli peke yake na kupiga kelele mojawapo inapofika volti 3.5 au karibu na hapo.

Chanzo cha pili ni mzigo usiolingana na uwezo wa betri. Lebo ya pakiti huandikwa alama kama 20C, maana yake yaweza kutoa umeme mara 20 ya ujazo wake. Kwa pakiti ya mfano wetu ni ampea 44. Namba hizo hazina budi kupokewa kwa tahadhari, maana watengenezaji wengi hutia chumvi, na mwenye busara huchukua nusu ya kilichoandikwa. Joto linalozaliwa ndani ya betri hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo: umeme ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Pakiti ya seli 3 yenye ukinzani wa ndani wa mili-omu 10 kwa kila seli hutoa wati 12 za joto inapovuta ampea 20. Ikivuta ampea 40 hutoa wati 48, joto la pasi ndogo ya kulehemu, likiwa limefungiwa ndani ya tumbo la povu lisilopitisha hewa.

Mkosaji hapa mara nyingi ni rafadha, au pangaboi kama wengi wanavyoiita. Ile ya awali huvunjika katika kutua vibaya, dukani hakuna ya inchi 9, basi inafungwa ya inchi 10 kwa kuwa inaonekana karibu sawa. Si sawa hata kidogo. Kwa mpindo uleule na kasi ileile ya mzunguko, inchi hiyo moja huongeza nguvu inayodaiwa kwa takriban nusu. Kabla ya kurusha ndege iliyobadilishwa rafadha, inafaa kufunga kipima wati kati ya betri na kidhibiti, kuishikilia ndege imara chini, kufungua mota hadi mwisho kwa sekunde chache na kusoma ampea. Aidha, chumba cha betri kihitaji tundu la kuingizia hewa upande wa mbele na la kutolea nyuma, na la nyuma liwe kubwa kuliko la mbele. Betri iliyotua baada ya safari njema huwa na uvuguvugu. Isiyoshikika mkononi imezidiwa, na ikivuka nyuzi 60 za Selsiasi tayari inajidhuru.

Kuhusu kuchaji hakuna mengi, ila machache yaliyopo hayana msamaha. Chaja iwe ya lithiamu na yenye kusawazisha seli, waya mdogo mweupe wa kusawazishia uchomekwe kila mara, idadi ya seli iliyochaguliwa ilingane na ya pakiti, na mkondo usizidi ujazo, yaani ampea 2.2 kwa betri ya miliampea-saa 2,200, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu zaidi. Chaja iliyowekwa kwenye mpango wa betri za nikeli haitajua pa kukomea. Seli ikipita volti 4.2, lithiamu huanza kuganda ikiwa metali juu ya grafaiti, na hapo linalofuata laweza kuwa kubwa kuliko uvimbe.

Kisha kuna betri zinazovimba zikiwa zimekaa tu. Katika miji ya joto kama Dar es Salaam na Mombasa hili ni la kawaida kuliko inavyodhaniwa. Pakiti hujazwa Jumamosi usiku, Jumapili mvua ya masika inaharibu mipango, na pakiti inabaki imejaa juma zima ndani ya chumba chenye joto au, vibaya zaidi, ndani ya gari lililofungwa vioo juani. Lithiamu haipendi kuhifadhiwa ikiwa imejaa, wala ikiwa tupu. Ikiwa haitarushwa katika siku mbili au tatu, ishushwe hadi volti 3.8 au 3.85 kwa kila seli; chaja nyingi za siku hizi zina mpango wa kufanya hivyo zenyewe.

Umbo la uvimbe lenyewe husaidia kumtafuta mhalifu. Seli zote zikiwa zimetuna kwa usawa, shaka iangukie joto na mzigo mkubwa. Ikiwa ni moja tu, hasa ile iliyobanwa katikati ambako joto hutoka kwa shida, au ile ambayo chaja imekuwa ikitumia muda mrefu kuisawazisha, basi imekuwa dhaifu kuliko wenzake na hushushwa mno kila safari. Iliyovimba kabatini inasimulia habari ya uhifadhi. Iliyovimba siku ya kwanza ama ina hitilafu ya kiwandani, ama ilipigwa na kitu, na ndiyo sababu betri iliyokuwamo ndani ya ndege iliyoanguka hutolewa na kuwekwa nje peke yake, mbali na vinavyoungua, na kuangaliwa kwa muda hata kama haina alama yoyote. Wapo wanaovumilia ulaini mdogo unaojitokeza betri ikiwa na moto na kutoweka ikipoa. Huo ni uamuzi wa mwenye ndege, lakini anapaswa kujua kwamba ndege yenye betri dhaifu hupoteza nguvu inapohitajiwa zaidi, wakati wa kupaa au kugeuka chini kwa chini, na chini yake huenda kuna watu.

Mambo mawili hayafai kufanywa kwa hali yoyote. La kwanza ni kuitoboa kwa sindano ili gesi itoke, ushauri ambao umewaponza wengi. Sindano hupita katika tabaka za hasi na chanya na kuziunganisha, na hewa yenye unyevu huingia mahali isipotakiwa. La pili ni kuibana irudi bapa, kwa kamba au kwa kulazimisha kifuniko. Betri ikianza kuvimba wakati wa kuchajiwa, umeme ukatwe. Ikiwa haitoi moshi, ipelekwe nje juu ya saruji au mchanga. Ikishaanza kutoa moshi si kitu cha kubebwa mikononi. Moshi huo huwa na haidrojeni floridi, sumu inayounguza mapafu, na watu waondoke chumbani kwanza. Ndoo ya mchanga mkavu husaidia kuuzuia moto wa pakiti ndogo, na maji mengi hupoza na kuzuia moto usienee kwenye samani. Mahali pa kuchajia pawe pasipo pazia, godoro wala kochi, na pawe na mtu macho.

Betri iliyohukumiwa hainaye anayepaswa kurithishwa. Njia ya kuimaliza ni kuiunganisha, nje ya nyumba, na balbu ya gari ya volti 12. Balbu ya wati 21 huvuta chini ya ampea 2, na pakiti ya seli 3 ikiwa imejaa itaiwasha kwa zaidi ya saa moja. Balbu ikizima, iachwe hivyo hadi kipimo kisome sifuri au karibu yake, ndipo ncha zifungwe utepe wa umeme, moja baada ya nyingine. Ushauri wa zamani wa kuizamisha katika maji ya chumvi hauna uhakika: chumvi hula ncha za nje kwanza na kuacha umeme umefungiwa ndani. Iliyokwisha kupasuka isiunganishwe na chochote. Vyovyote iwavyo, pakiti ipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki, wala isitupwe pipani, kwani gari la taka linalogandamiza mzigo wake laweza kuipasua njiani.

Kwa wanaosafiri, sheria za anga zimekuwa kali tangu ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, ilipoanguka Dubai Septemba 3, 2010 ikiwa imebeba shehena iliyokuwa na betri nyingi za lithiamu, na marubani wake wawili kufariki dunia. Tangu Aprili 1, 2016 betri za lithiamu ioni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kuwa mzigo katika ndege za abiria. Abiria mwenyewe aweza kubeba betri za akiba katika begi la mkononi pekee, ncha zikiwa zimekingwa, kila moja isizidi wati-saa 100 bila idhini ya shirika la ndege. Pakiti ya mfano wetu ina wati-saa zipatazo 24 tu na hupita bila taabu, lakini ikishavimba hairuhusiwi kupanda ndege kabisa, iwe katika begi la mkononi au la kupakiwa.