Kutovumiliana: Filamu ya Mwaka 1916 na Dhamiri Zetu



Ndugu wapendwa, mwaka 1995, dunia ilipoadhimisha miaka 100 ya sinema, Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani ya pekee. Orodha hiyo iligawanywa katika mafungu matatu: dini, maadili na sanaa. Katika fungu la maadili imo filamu ya kale isiyo na sauti iitwayo Intolerance, maana yake kutovumiliana. Iliongozwa na Mmarekani D. W. Griffith, ikaonyeshwa rasmi New York tarehe 5 Septemba 1916. Juma hili napenda tuitafakari filamu hiyo, kwa sababu Mkatoliki anayeitazama leo hukutana ndani yake na swali ambalo si rahisi kulikwepa.

Filamu ina visa vinne. Cha kwanza ni anguko la Babeli mikononi mwa Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 539 kabla ya Kristo. Cha pili ni maisha ya Bwana wetu: arusi ya Kana, mwanamke aliyefumaniwa, na njia ya Kalvari. Cha tatu ni mauaji ya Waprotestanti jijini Paris, siku ya Mtakatifu Bartolomayo mwaka 1572. Cha nne ni kisa cha vijana wawili maskini katika Marekani ya wakati ule. Griffith hakuvisimulia kimoja baada ya kingine. Alivichanganya, akiruka kutoka karne moja hadi nyingine, na kila mara akirudi kwenye picha ya mama anayebembeleza mtoto katika susu. Mama huyo aliigizwa na Lillian Gish.

Mtazamaji wa leo atahitaji uvumilivu. Filamu inachukua takriban saa tatu. Maneno husomwa katika maandishi yanayotokea kati ya picha, na waigizaji hutumia mikono na macho kuliko tulivyozoea. Lakini tukumbuke kwamba siku zile hapakuwa na kompyuta ya kutengeneza picha. Kuta za Babeli zilizo na sanamu kubwa za tembo zilijengwa kweli kweli jijini Los Angeles, kwa mbao na plasta, na maelfu ya watu unaowaona juu yake walikuwapo. Kuelekea mwisho visa vyote vinne vinakimbia pamoja: msichana anaendesha gari la farasi kuionya Babeli, Yesu anabeba msalaba, wauaji wanavunja milango Paris, na gari la mashindano linafukuza treni ili kumwokoa kijana asinyongwe bila kosa. Katika hao wote, ni kijana huyo tu anayeokolewa.

Kisa hicho cha nne kina fundisho ambalo halijazeeka. Tajiri mwenye kiwanda anapunguza mishahara ya wafanyakazi kwa asilimia 10, ili dada yake apate fedha za shughuli za hisani. Wafanyakazi wanagoma, wanapigwa risasi, familia zinatawanyika mjini. Kisha mabibi wale wale wa hisani wanamjia mama mchanga, ambaye mumewe amefungwa, na kumnyang'anya mtoto wake kwa madai kwamba hafai kulea. Miaka 25 kabla ya filamu hii, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, Papa Leo XIII alikuwa amefundisha kwamba ujira unaomtosha mfanyakazi kuishi ni haki yake. Sadaka iliyotokana na jasho lisilolipwa haiwezi kuitwa upendo, hata ikitangazwa kwa shangwe.

Sasa tumtazame mwenye filamu. Mwaka mmoja kabla, yaani 1915, Griffith huyu alikuwa ametoa filamu nyingine kubwa, The Birth of a Nation. Humo watu weusi walionyeshwa kama hatari kwa taifa, na kundi la Ku Klux Klan, lililowatesa na kuwaua, likaonyeshwa kama wakombozi. Chama cha NAACP, kinachotetea haki za watu weusi, kiliipinga kwa nguvu. Griffith hakutubu. Alichapisha kijitabu akitetea uhuru wake wa kusema, kisha akatoa filamu ya kulaani kutovumiliana. Inaonekana alijihesabu miongoni mwa walioonewa. Alikiona kibanzi katika jicho la Babeli, la Mafarisayo, la Paris na la matajiri wa siku zake. Boriti ya kwake hakuigusa.

Na maneno ya picha yana matunda. Mwisho wa mwaka huo wa 1915 Ku Klux Klan ilifufuliwa katika jimbo la Georgia, na filamu ile ikatumika kuvutia wanachama. Kundi hilo jipya liliwachukia pia Wayahudi na Wakatoliki. Tarehe 11 Agosti 1921 huko Birmingham, Alabama, Padre James Coyle alipigwa risasi akiwa barazani mwa nyumba yake. Alikuwa amefungisha ndoa ya binti mmoja na Mkatoliki mwenye asili ya Puerto Rico. Aliyemuua alikuwa baba wa binti huyo, mhubiri na mfuasi wa Klan. Mahakama ilimwachia huru.

Tukisikia habari za Padre Coyle, mioyo yetu inauma upesi, kwa kuwa ni mmoja wetu. Lakini filamu haituruhusu kubaki hapo, maana katika kisa cha Paris wanaoshika mapanga ni Wakatoliki. Griffith alitia chumvi mambo kadhaa, ila kiini cha kisa ni kweli. Mauaji yalianza Paris tarehe 24 Agosti 1572, siku chache baada ya arusi ya kifalme iliyokusudiwa kuleta amani, yakaenea mikoani, na maelfu wakafa. Habari zilipofika Roma, Papa Gregori XIII aliagiza wimbo wa Te Deum uimbwe, na medali ya ukumbusho ikatengenezwa.

Wapo watakaosema kwamba zilikuwa siasa za watawala. Ni kweli siasa zilikuwamo, lakini mikono iliyoua ilikuwa imebatizwa. Mtakatifu Yohane Paulo II hakujificha nyuma ya udhuru huo. Mwezi Agosti 1997, alipokesha na vijana wa dunia jijini Paris katika mkesha wa siku ile ile ya Mtakatifu Bartolomayo, aliyataja mauaji hayo mbele yao na kukiri kwamba Wakristo walitenda yanayolaaniwa na Injili. Tarehe 12 Machi 2000, huko Roma, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za wana wa Kanisa. Hapo ndipo alipomzidi Griffith: aliikabili historia kwa kuanza na dhambi za nyumbani.

Siku moja kabla ya onyesho la New York, tarehe 4 Septemba 1916, majeshi ya Waingereza yaliingia Dar es Salaam, katika vita vilivyowaua maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika. Filamu inafunga kwa ndoto ya askari wanaoangusha silaha na watoto wanaocheza kando ya mzinga uliofunikwa na maua. Miezi saba baadaye Marekani nayo iliingia vitani.

Mwenye nafasi aitazame kidogo kidogo, hata kwa jioni nne. Na inapofika sehemu ya Paris, asiharakishe kutafuta utetezi. Ajiulize kwa utulivu: ni nani ambaye mimi, nikijiona ni mwenye haki, nimemfungia mlango? Ni jirani wa dini nyingine, mtu wa kabila lingine, au binti aliyezaa nyumbani, ambaye jumuiya yetu haimtembelei tena?

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.