Korosho za Kusini na Bei ya Mnyonge

Kati ya maamuzi ya kiuchumi yaliyotolewa kwa jina la wanyonge katika awamu ya tano ya uongozi wa Tanzania, ni machache yaliyozua mabishano makali kusini mwa nchi kama agizo la Novemba 2018, pale Rais John Magufuli alipoamuru korosho zote za msimu ule zinunuliwe na Serikali kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kusombwa kwa malori ya Jeshi la Wananchi. Waliolisifu waliitazama bei, na waliolilaumu waliitazama hazina ya taifa. Lakini ili kupima kama hatua hiyo ilimfaa maskini, ni lazima kwanza kuuliza korosho zilikuwa mikononi mwa nani siku bei ilipotangazwa, na fedha zilimfikia nani na lini, na maswali hayo hayajibiki bila kurudi nyuma katika historia ya zao lenyewe.

Mkorosho uliletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno, lakini ulikuja kuwa zao la biashara katika karne ya 20, wakati wakulima wa uwanda wa Makonde, Masasi, Tunduru na Lindi walipoanza kuuza korosho ghafi, yaani korosho ambazo hazijabanguliwa, kwa wafanyabiashara waliozipeleka India. Msimu wa 1973/74 uzalishaji ulifikia takriban tani 145,000. Anguko lililofuata lilikuwa kubwa mno: Operesheni Vijiji, yaani kampeni ya Serikali ya kuwakusanya watu katika vijiji vya pamoja, iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, ubwiriunga, ambao ni ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua, ukaenea bila kudhibitiwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia vilikosa malighafi, na vingi vikaishia kuwa maghala. Inafaa kukumbukwa kwamba hata Operesheni Vijiji ilitetewa kwa hoja ya kumwinua mnyonge.

Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi waliingia hadi vijijini na kupanga bei walivyotaka, na ndiyo maana msimu wa 2007/08 Mkoa wa Mtwara ukaanza kutumia mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika, mzigo huwekwa ghalani, naye hupewa hati ya kuthibitisha umiliki wake hadi korosho ziuzwe mnadani. Mfumo huo ulipandisha bei, lakini ulimtaka mkulima awe na uwezo wa kungoja malipo, tena yakiwa yamekwisha kukatwa makato ya chama, usafiri na ghala. Aprili 2013, malipo ya pili yalipopungua kuliko yaliyotarajiwa, wananchi wa Liwale walichoma moto nyumba za viongozi wa ushirika na wa siasa.

Asiyeweza kungoja alikuwa na njia nyingine, nayo ni kangomba, yaani kuuza nje ya mfumo rasmi kwa kipimo cha bakuli au kopo, mara nyingi miezi kadhaa kabla ya mavuno, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya mnada. Korosho huvunwa kuanzia Septemba au Oktoba, ilhali njaa hubisha hodi kati ya Januari na Machi, wakati chakula cha mwaka uliopita kimekwisha na mahitaji ya shule yanadai fedha; kwa hiyo kaya iliyo maskini zaidi kijijini ndiyo ambayo, mnada unapofunguliwa, mara nyingi haina tena korosho za kuuza. Hii ni sura ya umaskini ambayo bei iliyotangazwa jukwaani haiwezi kuifikia, hata iwe ya ukarimu kiasi gani.

Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa neema isiyo ya kawaida. Salfa ya kupulizia dhidi ya ubwiriunga iligawiwa bure, mavuno yalipita tani 310,000, na katika baadhi ya minada bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Hata hivyo, Juni 2018 Bunge lilibadili sheria ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, ambao asilimia 65 yake ilikuwa ikirudi kuendeleza zao lenyewe, na kuuelekeza wote katika Mfuko Mkuu wa Serikali, licha ya upinzani wa wabunge wa mikoa ya kusini. Serikali ileile ambayo miezi mitano baadaye ingejitokeza kumwokoa mkulima ilikuwa imekwisha kuchukua fedha zilizokuwa zikigharimia pembejeo zake, na jambo hilo halikupewa uzito unaostahili katika sifa zilizofuata.

Msimu uliofuata bei ya dunia ilishuka, na wanunuzi waliolenga masoko ya Vietnam na India wakaja na zabuni ambazo wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa. Rais aliwafukuza kazi mawaziri wa kilimo na wa biashara, akaivunja Bodi ya Korosho, kisha akatoa amri ya ununuzi, huku Benki ya Maendeleo ya Kilimo ikipewa jukumu la kugharimia. Kwa mavuno ya zaidi ya tani 220,000, bei hiyo ilimaanisha deni la zaidi ya shilingi bilioni 700 kabla ya kupatikana mnunuzi hata mmoja. Mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000, uliosainiwa Januari 2019, ulivunjwa Mei mwaka huohuo, na shehena iliendelea kukaa maghalani, ambako ubora wa korosho hushuka kadiri muda unavyopita.

Faida ilikuwepo, na haifai kukanushwa. Mkulima aliyeweza kungoja hadi Novemba, na ambaye mzigo wake ulikuwa mdogo kiasi cha kutozua shaka, alilipwa zaidi ya ambavyo mnada ungempa. Waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walipitia uhakiki, yaani ukaguzi wa kuthibitisha kwamba kweli wana mashamba, uliokusudiwa kuwabaini wanunuzi wa kangomba. Zoezi hilo likawa la polepole, na wengine walikaa mwaka mzima wakidai. Aliyekawia kulipwa hakuumia peke yake, kwani vibarua wa palizi na wa kuokota, wapakiaji wa magunia, mamalishe na wenye maduka ya Masasi na Newala waliishi kwa fedha hiyohiyo, na hakuna aliyewahesabu katika uhakiki.

Msimu wa 2019/20 mnada na wanunuzi binafsi walirejeshwa, nayo mavuno ya msimu huo hayakurudi katika kiwango cha 2017/18. Kangomba, iliyokuwa imekemewa kwa vitisho vya dola, haikutoweka vijijini, kwa kuwa amri ya Novemba ililenga bei ya mavuno na haikumpa mkulima mahali pengine pa kukopa kati ya Januari na Machi.