Kikomo cha Uzito wa Kupaa

Kila ndege ina namba moja ambayo rubani hana mamlaka ya kuibadilisha: uzito isiopaswa kuuzidi inapoanza mbio za kupaa, ukijumlisha ndege yenyewe, mafuta, watu na mizigo. Wengi huuita "uzito wa juu unaoruhusiwa". Napendekeza tuuite kikomo cha uzito wa kupaa. Kuruhusiwa kunamleta akilini afisa anayetoa kibali, na penye kibali watu hubembeleza: begi moja tu, mtoto mmoja tu. Kikomo hakibembelezwi, kwa sababu hakikuwekwa na afisa. Kimetokana na nguvu za injini, ukubwa wa mabawa na uimara wa kiunzi.

Tuchukue Cessna 206, ndege ya viti sita iliyozoeleka kwenye viwanja vya vumbi vya Afrika Mashariki. Matoleo yake ya karibuni yana kikomo cha kilo 1,633. Ikiwa tupu ina takriban kilo 1,000, na matangi yakijaa mafuta yana uzito wa kilo 240 hivi. Zinabaki chini ya kilo 400. Watu wazima sita wa kilo 75 kila mmoja wanafikisha 450 kabla hata gunia moja la maharage ya Kasulu halijapakiwa. Kwa hiyo viti sita havimaanishi abiria sita. Ni lazima mafuta yapungue, au watu, au mizigo.

Uzito ukizidi kikomo kwa asilimia 10, kasi ya chini ambayo mabawa bado yanaweza kuibeba ndege hupanda kwa karibu asilimia 5, na mbio za kupaa hurefuka kwa asilimia 20 au zaidi. Katika nyanda za juu za Buha, magharibi mwa Tanzania, kuanzia Muyama hadi Kasulu na Kibondo, hewa yenyewe ni nyepesi. Kwenye kiwanja kilicho mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, joto likifika nyuzi 30, injini, pangaboi na mabawa hufanya kazi kana kwamba kiwanja kiko kwenye mita 2,100 hivi. Ndege iliyopaa vizuri Dar es Salaam ikiwa na uzito uleule inaweza kuufikia mwisho wa kiwanja hapa magurudumu yakiwa bado chini. Namba ya kiwandani ndiyo dari. Kikomo cha mahali na saa husika mara nyingi kiko chini yake.

Wapo watakaosema kwamba ndege hiyo imewahi kubeba zaidi na ikafika. Ni kweli, lakini akiba ya usalama iliyotumika siku hiyo iliwekwa kwa ajili ya upepo wa ghafla na injini inayopoteza nguvu. Wengine watataja ndege zinazovushwa bahari kwa kibali maalumu zikiwa zimezidi uzito kwa mafuta ya ziada. Hizo huruka bila abiria, kwa masharti yaliyokokotolewa mapema, tena si kutoka viwanja vifupi. Na kuzidisha kikomo kumeua: tarehe 8 Januari 1996, ndege aina ya Antonov 32 iliyojazwa kupita kiasi ilishindwa kupaa katika kiwanja cha Ndolo, Kinshasa, ikaparamia soko na kuua watu zaidi ya 200. Mwaka 2001 huko Bahama, Cessna 402 ilianguka mara baada ya kupaa, na wote tisa waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walikuta imezidi uzito, na kitovu chake cha uzito kimesogea nyuma kupita mpaka.

Hoja nzito zaidi ni ya huruma: dawa za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu zinasubiriwa, mgonjwa hawezi kungoja. Lakini ndege iliyoanguka haifikishi dawa wala mgonjwa. Huruma inatudai mizani kwenye kila kiwanja, mizigo ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho, na safari ya pili ipangwe tangu mwanzo. Rubani anayeshusha gunia anatimiza wajibu wake kwa abiria, na jamii inayomngoja inapaswa kumuunga mkono.