Kutoka Pisa mpaka Kindu

Mtu wa Lokandu akitaka kwenda Kindu kwa mtumbwi hupanda mto Lualaba, naye huujua urefu wa safari kwa uchovu wa mikono yake. Kwa ndege ni kilomita 50 hivi tu. Leo tuitazame safari nyingine, ndefu kuliko hiyo: kutoka kiwanja cha ndege cha Pisa, nchi ya Italia, mpaka kiwanja cha Kindu. Tukipima moja kwa moja angani twapata yapata kilomita 5,400. Ndege yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa ingeruka saa 18 bila kutua.

Mwaka 1961 Kongo ilikuwa katika taabu kubwa. Katanga ilikuwa imejitenga tangu Julai 1960, ikawatumia askari Wazungu wa kukodiwa. Umoja wa Mataifa ukaleta majeshi ya nchi nyingi ili kutuliza vita. Italia ilitoa ndege za mizigo ziitwazo C-119, pamoja na wanahewa wa kikosi chake cha Pisa.

Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za kikosi hicho ziliondoka Kamina, zikatua Kindu. Ziliwaletea mahitaji askari wa Malaya, waliokuwa huko kwa kazi ya Umoja wa Mataifa. Waitalia walikuwa 13, wala hawakuwa na silaha. Mmoja wao alikuwa daktari. Wakaenda kula chakula cha mchana. Ndipo askari Wakongo walioasi wakawavamia, wakiwadhania kuwa ni adui waliotoka Katanga. Wakawapiga, kisha wakawaua wote.

Basi, tufikiri kidogo. Kilomita maelfu zilikuwa zimekwisha pitwa salama, juu ya bahari, jangwa na msitu. Zilibaki hatua chache tu kati ya mtu na mtu, na hizo ndizo zilizoshindikana. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini vita humfanya mwenyeji asimwulize mgeni amekuja na nini.

Hata hivyo hatuwezi kuwahukumu watu wa Kindu wote. Yasimuliwa kwamba mlinzi wa gereza, akiogopa maiti zisije zikatendwa vibaya zaidi, alizichukua usiku kwa lori mpaka makaburi ya Tokolote, akazizika huko. Hakuwajua watu hao, wala lugha yao. Alijua tu kwamba maiti hustahili kaburi.

Mwezi wa Machi 1962 mabaki yao yalirudishwa Pisa, yakawekwa katika jengo la ukumbusho karibu na kiwanja kile kile cha ndege. Katika kiwanja kikubwa cha Fiumicino, karibu na Roma, pia pana mnara wa kuwakumbuka, na jina la Kindu husomwa na wasafiri wasiopata kuiona Lualaba.

Ndege huweza kuzikaribisha nchi, lakini mioyo haiwezi kuikaribisha. Kazi hiyo ni yetu wenyewe, nayo huanza kwa kumwuliza mgeni: "Watoka wapi, ndugu yangu?"