Malolo, Kilosa na mtu wa Hazina

Wadau, leo turudi nyuma kidogo.

Malolo ipo wilaya ya Kilosa, upande wa Ruaha Mbuyuni, kwa wakulima wa vitunguu. Kwenye kura ni jimbo la Mikumi. Jimbo la jirani ni Kilosa, na huko ndiko alikotoka Mustafa Mkulo.

Kabla ya siasa Mkulo alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa NSSF, mfuko unaokata mishahara ya wafanyakazi na kuitunza mpaka wastaafu. Mwaka 2005 akagombea ubunge wa Kilosa, akashinda. Katiba yetu inataka waziri awe mbunge kwanza.

Akawa Naibu Waziri wa Fedha, na Februari 2008 Rais Kikwete akampa wizara kamili. Kumbukeni hali ya wakati ule. Lowassa amejiuzulu kwa Richmond, Gavana Ballali ameondolewa, na mabilioni 133 ya EPA yapo midomoni mwa kila mtu. Mwaka uliofuata mtikisiko wa uchumi wa dunia ukatufikia, serikali ikatangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 kuunusuru uchumi. Desemba 2009 mafuriko ya Mto Mkondoa yakaikumba Kilosa kwenyewe, reli ya kati ikakatika. Waziri wa Fedha wa nchi nzima, na wapiga kura wake wapo kwenye mahema!

Mkurugenzi wa mfuko anajibu kwa bodi, watu wachache mezani. Waziri bodi yake ni Bunge zima. Aprili 2012 ripoti ya CAG Utouh iliwasha moto Dodoma, Zitto Kabwe akakusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Tarehe 4 Mei mawaziri sita wakaachwa nje, Mkulo akiwemo. Nafasi yake akapewa Dk. William Mgimwa wa Kalenga, naye mtu wa mabenki.

Lakini ubunge wa Kilosa haukuguswa. Mkulo alibaki nao hadi 2015, kwa sababu Rais anatoa uwaziri, kura inatoa ubunge.

Sasa mkulima wa Malolo yuko wapi hapo? Kodi yake iliingia Hazina kama ya mtu wa Kilosa mjini, ila karatasi yake ya kura haikuwa na jina la Mkulo. Kamba pekee aliyokuwa nayo ya kumvuta Waziri wa Fedha ni mbunge wake wa Mikumi, na mbunge huyo akisinzia bungeni, kamba imekatika.

Ndiyo maana kila uchaguzi tunapouliza nani atakuwa waziri, naona tunaanzia pasipo. Swali la kwanza ni nani atambana waziri.

Nawasilisha.