Padri Milani na Shule ya Mlimani

Sote twaijua sauti inayotoka katika kalasi asubuhi. Mwalimu anasema neno, watoto sitini wanaliitikia pamoja. Anauliza: "Mmefahamu?" Wanajibu kwa sauti moja: "Ndiyo, mwalimu!" Mtu anayepita njiani hufurahi na kusema: Tazama jinsi watoto wetu wanavyosoma! Lakini mwalimu mwenye busara hajidanganyi. Ajua ya kuwa kati ya hao sitini wengine wameitika kwa midomo tu. Akimwita mmoja peke yake mbele ya ubao, mtoto anainamisha kichwa na kunyamaza. Mwaka ukiisha atarudia kalasi. Mwaka wa pili ataacha shule, naye baba yake atasema: "Huyu hana akili ya buku."

Je, ni kweli hana akili? Au akili yake imelala, wala hakutokea mtu wa kuiamsha? Leo twataka kuwasimulia habari za padri mmoja wa Italia aliyejiuliza swali hili maisha yake yote. Jina lake Lorenzo Milani.

Shule ya usiku

Alizaliwa katika mji wa Firenze tarehe 27 Mei 1923. Jamaa yake walikuwa matajiri na watu wa elimu kubwa, lakini hawakushika dini. Kijana Lorenzo alijifunza kwanza kuchora picha. Mwaka 1943, wakati wa vita, moyo wake uligeuka, akaingia seminari. Tarehe 13 Julai 1947 akapewa upadri, na Askofu akamtuma Calenzano, karibu na mji wa Prato, amsaidie paroko mzee. Vijana wa huko walikuwa wakulima na wafanyakazi wa viwanda vya nguo.

Padri Milani hakukawia kuona jambo lililomsumbua. Vijana walikuja kanisani, wakasikiliza mahubiri, wakarudi makwao, wala hakuna neno lililobaki. Si kwa kuwa walikuwa wabaya. Walikosa maneno. Mtu asiyefahamu maneno, hata Injili kwake ni kama sanduku lililofungwa. Na huyo huyo atadanganywa sokoni, atadanganywa kazini, atadanganywa mbele ya hakimu. Basi akafungua shule ya usiku.

Siku zile parokia nyingi za Italia ziliwavuta vijana kwa mpira, sinema na michezo ya mezani. Zamani Mtakatifu Yohane Bosco aliwakusanya watoto wa Torino kwa michezo, naye alifanya vema. Lakini Padri Milani aliona ya kuwa katika siku zake michezo imekula mahali pa mafundisho: vijana walikuja kucheza tu, wakaondoka kama walivyokuja. Akaiacha michezo yote. Tena akauondoa msalaba katika ukuta wa chumba cha shule, ili mfanyakazi yeyote, hata wa chama cha Wakomunisti, asiseme kwamba amevutwa kwa hila. Watu wengi wakakwazika. Lakini vijana walikuja, usiku kwa usiku, baada ya kazi ya kuchosha. Siku ya Ijumaa alimwalika mtu mwenye ujuzi fulani, naye alipomaliza kusema, vijana wakamwuliza maswali mpaka jasho limtoke.

Watu wakamwuliza padri: Wafanya nini hata shule yako ijae? Akawajibu ya kuwa swali lao lenyewe halikuwa sawa. Wasiulize mwalimu afanye nini. Waulize awe mtu wa namna gani. Wasomaji wapenzi, tulishike neno hili, tutarudi kwalo.

Barbiana

Mwaka 1954 paroko mzee akafa. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule Padri Milani alitumwa Barbiana, na wengi walisema ni adhabu. Barbiana si mji, wala si kijiji hasa. Ni kanisa dogo juu ya mlima, na nyumba chache za wakulima zilizotawanyika msituni. Alipofika hapakuwa na barabara ya gari, wala taa za umeme, wala maji ya bomba. Mwingine angelilia na kuandika barua kwa Askofu. Yeye, siku chache baada ya kufika, alishuka bomani akanunua mahali pa kaburi lake katika makaburi ya Barbiana. Ndiyo kusema: hawa ndio watu wangu, nitafia kwao.

Akaanza shule na wavulana sita. Hapakuwa na ubao, wala madawati. Palikuwa na meza kubwa tu, na nakala moja ya kila kitabu. Watoto waliizunguka meza, mmoja akasoma, wengine wakasikiliza. Walisoma kutwa, yapata saa kumi na mbili kwa siku, hata siku ya Bwana baada ya Misa. Likizo hawakuijua. Mtasema: watoto gani wanakubali hayo? Lakini fikirini kazi iliyowangoja nyumbani. Mwana wa mkulima mwenye ng'ombe zaidi ya thelathini zizini, likizo kwake maana yake ni kuzoa mavi tangu alfajiri. Mtoto wa namna hiyo hachoki upesi na kitabu.

Basi aliwaamshaje? Tutataja mambo manne.

La kwanza: aliyekuwa nyuma alihesabiwa wa kwanza. Somo halikuendelea mpaka yeye amefahamu. Mtoto mwepesi hakukaa bure. Alipewa kazi ya kumfundisha mwenzake. Hivyo mvulana wa miaka kumi na miwili alikuwa mwanafunzi asubuhi na mwalimu jioni. Sisi wenyewe tumeona mara nyingi ya kuwa mtu hafahamu jambo vizuri mpaka siku anapotakiwa kumweleza mwingine.

La pili: walisoma gazeti kila siku, kwa sauti, kutoka juu hata chini. Neno wasilolijua liliwasimamisha. Limetoka wapi? Nani analitumia, na kwa faida ya nani? Kutoka neno moja waliingia katika jiografia, katika hesabu, katika historia ya vita na ya kazi. Somo halikuwa tena habari za mbali. Lilikuwa habari za baba zao.

La tatu: mgeni hakuja kutazama tu. Kila aliyepanda mlima ule, awe mkubwa wa namna gani, aliketishwa mezani na kuulizwa maswali na watoto. Nao wavulana wakubwa walitumwa nchi za nje kufanya kazi na kujifunza lugha.

La nne: waliandika pamoja. Kila mmoja aliandika wazo lake katika kipande cha karatasi. Vipande vikatandazwa mezani, vinavyofanana vikawekwa pamoja, vikapangwa kwa sura. Halafu wakaanza kukata: neno lisilo na kazi litoke, sentensi ndefu mno ivunjwe. Mwisho wakamsomea mtu asiye na elimu. Asipofahamu, kosa ni la waandishi, si lake.

Ukutani waliandika maneno mawili ya Kiingereza, maana yake: jambo hili lanihusu. Wafuasi wa Mussolini walikuwa na neno lao la kujisifu, maana yake: mimi sijali. Padri Milani alitaka watoto wake wawe kinyume kabisa cha neno lile.

Barua ya wavulana wanane

Hata hivyo shule za serikali hazikuwapokea watoto hawa kwa wema. Wawili walishuka mjini kufanya mtihani wa shule ya walimu, wakashindwa. Basi wavulana wanane wa Barbiana wakakaa mezani, wakaandika kwa njia ile ya vipande vya karatasi. Hawakulia tu. Walihesabu. Walichukua hesabu za shule za Italia, wakaonyesha ya kuwa wanaoanguka si watoto wasio na akili. Ni watoto wa wakulima na wa wafanyakazi, wasiosikia nyumbani lugha ile inayotumiwa shuleni. Mtoto wa mganga anaanza mbio akiwa amekwisha kufika nusu ya njia, halafu anasifiwa kwa sababu amefika wa kwanza.

Kitabu chao, Lettera a una professoressa, kilitoka Mei 1967. Padri Milani alikuwa mgonjwa tangu miaka mingi kwa kansa ya damu na tezi, naye aliendelea kuwafundisha hata kitandani. Alikufa tarehe 26 Juni 1967, miaka yake arobaini na minne. Akazikwa Barbiana, katika kaburi alilolinunua.

Hatutaki kuficha ya kuwa alikuwa mtu mkali, mwenye ulimi wa kuchoma, na ya kuwa wakubwa wake waliona taabu naye. Mwaka 1958 kitabu chake juu ya kazi ya kichungaji kilikatazwa kuuzwa kwa amri iliyotoka Roma. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2014. Na tarehe 20 Juni 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alipanda mwenyewe mpaka Barbiana, akasali penye kaburi lake. Karibu miaka hamsini ilikuwa imepita.

Na sisi?

Sisi wa Kongo ya mashariki twaweza kufahamu habari hii upesi kuliko watu wengi. Katika shule zetu nyingi mtoto huanza kwa Kiswahili, anacheka, anauliza, anajibu. Halafu Kifaransa kinaingia, na mtoto yule yule ananyamaza. Hakupoteza akili yake wakati wa likizo. Amepoteza maneno. Naye mtoto ambaye baba yake husema Kifaransa mezani anaendelea mbele, nasi twasema: huyu ndiye mwenye akili.

Walimu watatujibu: Barbiana ilikuwa na watoto wachache, sisi tunao sitini na kupita. Ni kweli. Tangu mwaka 2019, serikali ilipoanza kutekeleza shule ya msingi bila malipo, kalasi nyingi zimejaa kupita kiasi, na mshahara wa mwalimu watosha kwa shida, au haufiki. Hatuwezi kumdai mwalimu mwenye njaa awe Padri Milani. Wazazi na parokia wasiomtunza mwalimu wao wasishangae akichoka.

Lakini tutazame vizuri. Katika mambo yale manne hakuna hata moja lililonunuliwa kwa fedha nyingi. Aliye mwepesi kumfundisha mwenzake: bure. Kumngoja wa nyuma, angalau katika somo moja kwa siku: bure. Kumwalika seremala, muuguzi au mzee wa mtaa aulizwe maswali na watoto: bure. Kipande cha karatasi kwa kila mtoto, aandike wazo lake mwenyewe badala ya kunakili la ubaoni: karibu bure. Na neno la Kifaransa lisilofahamika lielezwe kwa Kiswahili bila aibu, mpaka mtoto aweze kulishika mkononi kama jembe.

Kinachogharimu ni kile alichowajibu watu wa Calenzano: mwalimu awe mtu wa namna gani. Mtoto ajua upesi kama mwalimu anamwuliza ili amkamate katika kosa, au kwa sababu anataka kweli kusikia jibu lake. Akiulizwa kwa namna ya kwanza, atajificha nyuma ya "Ndiyo, mwalimu!" Akiulizwa kwa namna ya pili, ataanza kufikiri, hata kama jibu lake la kwanza ni baya.

Mtakatifu Luka atuambia ya kuwa Maria na Yosefu walimkuta Mtoto Yesu hekaluni, umri wake miaka kumi na miwili, ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Tuone ya kuwa walimu wale hawakumfukuza mtoto kwa sababu aliuliza. Walimwachia nafasi katikati yao. Basi kesho asubuhi, mwalimu, ukiingia kalasini, mtafute yule aliyeketi nyuma kabisa, yule asiyejibu kamwe. Mwulize jambo analolijua: habari za shamba lao, za ziwa, za soko la mama yake. Halafu ngoja. Ngoja kwa muda mrefu kidogo kuliko ulivyozoea.